Kuzunguka Rwenzori kibanda kwa kibanda: namna ya kupanga siku 8

Kabla hujanunua hata soksi, chukua karatasi uandike mwinuko wa kila kibanda utakacholala, kwa mpangilio wa usiku. Kilomita ziache kwanza. Kwenye Mzunguko wa Kati wa Rwenzori, upande wa Uganda, kilomita hazikwambii lolote la maana: kuna mahali utatembea kilomita moja kwa saa, tope likiwa magotini.

Orodha itakuwa hivi. Lango la Nyakalengija, mita 1,646. Nyabitaba, 2,651. John Matte, karibu 3,500. Bujuku, 3,962. Elena, 4,541. Kitandara, 4,023. Guy Yeoman, karibu 3,500. Kisha unapita Nyabitaba tena, bila kulala, hadi lango lile lile. Ramani hutofautiana kwa makumi ya mita, na kwa John Matte na Guy Yeoman tofauti ni kubwa zaidi, lakini picha yenyewe haibadiliki.

Sasa itazame Kitandara. Kibanda kiko kando ya ziwa zuri kuliko yote ya safari hii, ila kimekaa shimoni. Kutoka hapo kwenda nyumbani lazima upande: Pito la Freshfield, upenyo wa kuvukia mgongo wa mlima, liko mita 4,282, yaani mita 259 juu ya kitanda chako, na ukirudi ulikotoka, Pito la Scott Elliot liko 4,372. Maji ya bonde lile yenyewe hushukia Congo. Kwa hiyo mtu aliyeanza kuumwa na mwinuko akipelekwa Kitandara ametiwa mtegoni, maana hakuna njia ya kumteremsha bila kumpandisha kwanza. Mpango mzima wa mzunguko huu unapaswa kuanzia hapo: kila mmoja afike Kitandara akiwa mzima, na asiye mzima arudishwe Bujuku mapema, ambako njia inateremka hadi John Matte na kuendelea.

Kwenda kileleni au kuzunguka tu

Wengi hudhani mzunguko na kilele cha Margherita, mita 5,109, ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kutoka Bujuku unaweza kuvuka Scott Elliot moja kwa moja hadi Kitandara bila kulala Elena na bila kugusa barafu, ukamaliza mzunguko kwa siku 6. Utapita mabonde yale yale, vinamasi vile vile na misitu ile ile ya senesio na lobelia zinazomzidi mtu urefu. Hutahitaji kamba wala viatu vya barafu, na gharama itashuka. Kama hujawahi kulala juu ya mita 4,000, hili ndilo chaguo la busara kwa mara ya kwanza, hata kama rafiki zako watakuuliza picha ya kileleni iko wapi.

Ukitaka Margherita, panga siku 8, na weka siku ya 9 mfukoni. Ratiba inayouzwa sana ni ya siku 7, na kasoro yake unaiona kwenye karatasi yako. Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko jana yake, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Hapa unaruka karibu 850 kutoka Nyabitaba hadi John Matte, kisha 460, kisha 579 hadi Elena, na usiku uo huo unaamshwa kupanda barafu. Usiku wa pili Bujuku ndio dawa. Siku hiyo usilale kutwa: panda taratibu kuelekea Scott Elliot hadi kama mita 4,200, kaa nusu saa, rudi ule na kulala chini.

Siku zenyewe

Siku ya 1, Nyakalengija hadi Nyabitaba, saa tano au sita. Ni msitu, joto, na kupanda mita 1,000. Watu huimaliza kwa kasi kwa sababu miguu bado mibichi, kisha hulipia siku ya pili. Nenda polepole kiasi cha kuweza kuzungumza bila kuhema.

Siku ya 2 ndiyo ndefu ya kwanza, saa saba au nane. Unashuka hadi daraja la Kurt Shafer, mahali mito Mubuku na Bujuku inapokutana, kisha unapanda katika mianzi yenye mawe ya kuteleza. Ondoka saa moja asubuhi. Mianzi ikiisha utaingia kwenye miti ya erika iliyofunikwa kuvumwani na ndevu nyeupe za mimea; hapo ujue John Matte haiko mbali, ingawa mizizi itakuchelewesha.

Siku ya 3 ni fupi kwa ramani, saa nne au tano, lakini ndiyo siku ya vinamasi vya Bigo. Sehemu nyingine zimewekewa njia ya mbao. Penginepo unaruka kutoka fungu moja la nyasi hadi jingine. Mawili huharibika hapa. La kwanza, mtu hukanyaga pembeni mwa fungu badala ya katikati, nyasi zinalala, mguu unazama na gambuti linabaki chini. La pili, mbao zenye ukungu huteleza kuliko tope lenyewe, hasa zilizoinama. Fimbo ndefu ya mwanzi hufaa kuliko fimbo fupi za dukani, maana inapima kina kabla ya mguu. Ukizama, usivute kwa nguvu: geuza kisigino kushoto na kulia hewa iingie, kisha inua kwa kuanzia kisigino.

Siku ya 4 ni mapumziko ya Bujuku. Siku ya 5 unapanda Elena kwa saa tatu au nne, kupitia korongo la senesio na mwishowe miamba mitupu. Kibanda cha Elena ni kidogo na baridi yake ni kali. Kula mapema, weka chupa ya maji ndani ya mfuko wa kulalia isigande, na kila utakachovaa usiku kiwe mahali mkono utakipapasa gizani.

Siku ya 6 huanza saa nane au tisa usiku. Unapita miamba, unavuka barafu ya Stanley, kisha barafu ya Margherita na ukingo wa mawe hadi juu. Barafu hizi zimepungua sana tangu Mwitalia aliyeitwa Dyuki wa Abruzzi apande mwaka 1906 na kukipa kilele jina la malkia wa Italia, na zinaendelea kupungua. Ndiyo maana maelezo ya njia ya miaka mitano iliyopita usiyategemee. Mahali palipokuwa na mteremko wa theluji sasa pana mwamba wenye kamba au ngazi, na nyufa hufunguka upya. Muulize kiongozi aliyepanda mwezi huu. Mapema ni lazima kwa sababu mbili: ukungu hufunga kilele asubuhi hiyo hiyo, na theluji inayofunika nyufa hulegea jua likipanda.

Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kulala, na iwe ya kikundi kizima. Saa nne asubuhi inatosha: kama hamjafika, mnarudi. Mkiingia Elena kabla ya saa saba mchana, mnaweza kuteremka Kitandara, saa mbili au tatu zaidi. Mkichelewa kuliko hapo, laleni Elena tena na mtumie ile siku ya akiba. Ajali nyingi za kuteleza hutokea jioni, miguu ikiwa imechoka na mtu akikimbizana na giza. Na yeyote mwenye kichwa kinachomgonga huku anatapika asiende Kitandara hata kama muda upo. Huyo anarudi Bujuku na kiongozi wake.

Siku ya 7, Freshfield hadi Guy Yeoman. Baada ya pito ni kuteremka kwenye tope na mawe, ukipita mwamba wa Bujongolo uliokuwa kambi ya msafara ule wa 1906. Siku ya 8 unashuka zaidi ya mita 1,600 hadi langoni, na magoti hulalamika kuliko siku yoyote. Kata kucha za miguuni kabla ya safari, la sivyo zitageuka nyeusi siku hii. Hapa pia ndipo unapoelewa kwa nini mzunguko hufuatwa kwa kupanda bonde la Bujuku na kushuka Mubuku: upande wa Mubuku ni mkali, na kuupanda siku ya pili ungekumaliza mapema.

Msimu

Rwenzori hunyesha mwezi wowote. Unachochagua ni kiasi. Katikati ya Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ndiyo miezi nafuu. Aprili na Mei achana nazo: mito inayotoka mlimani humo ndiyo iliyofurika na kuharibu Kasese Mei 2013 na tena Mei 2020, na ukiwa juu huwezi kujua kama kivuko cha chini kinapitika. Hata Januari, panga kana kwamba itanyesha kila siku kuanzia saa saba mchana.

Gambuti kwanza, mengine baadaye

Waliozoea Kilimanjaro huja na buti za ngozi za bei kubwa. Zitalowa siku ya tatu na hazitakauka hadi urudi nyumbani. Hapa ni gambuti tangu John Matte, wengine tangu langoni. Nunua kubwa kwa namba moja kuliko kiatu chako, ili iingie soli ya ziada na soksi mbili: nyembamba ya nailoni ndani, nene ya sufu nje. Soksi zifike magotini, kwa sababu mdomo wa gambuti husugua shavu la mguu na kulichubua ndani ya saa mbili. Tazama nyayo: ziwe na meno marefu, gambuti za bustani zenye nyayo laini ni hatari kwenye mizizi. Kisha zitembeze. Mara tatu, kila mara saa tatu au zaidi, kwenye kilima chenye matope, iwe Ngong, Uluguru au popote ulipo. Mahali zitakapokuunguza utapajua, na hapo utabandika plasta ya kitambaa kabla ya lengelenge, si baada.

Kwa anayekwenda kileleni, gambuti hazifungiki kramponi, yale meno ya chuma ya kukanyagia barafu. Unahitaji jozi ya pili, buti ngumu zisizokunjika, pamoja na kramponi, mkanda wa kiunoni, kofia ngumu na shoka la barafu. Vifaa hivi hukodishwa, lakini vijaribu vyote chini, langoni, siku moja kabla. Funga kramponi kwenye buti ile ile utakayovaa, simama kwa ncha za vidole, tikisa. Ikicheza chini, juu itachomoka. Mwenye mguu mkubwa kuliko namba 45 aulize mapema. Buti hizo zisitoke kwenye mfuko hadi Elena. Zikilowa Bigo, vidole vitaganda kwenye Margherita.

Mvua itaingia kwenye begi hata likiwa na kifuniko, kwa hiyo kinga iwe ndani. Tumia mifuko mitatu isiyopitisha maji: mmoja wa mfuko wa kulalia, mmoja wa nguo za kulala ambazo hazivaliwi mchana kamwe, mmoja wa mengine. Anayepitia Rwanda asitegemee mifuko ya plastiki ya dukani, itachukuliwa mpakani. Kenya na Tanzania nako imepigwa marufuku, kwa hiyo nunua ile ya kudumu. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi 10 chini ya sifuri kwa wanaolala Elena. Ongeza tochi ya kichwani na betri za akiba, jozi mbili za glovu na miwani ya jua yenye giza. Miwani hudharauliwa kwa sababu ya ukungu, lakini mwanga wa theluji huunguza macho hata jua lisipoonekana.

Mzigo wa mpagazi ufungwe usizidi kilo 15 za vitu vyako, maana ana vyake pia. Uliza kikomo rasmi na mpime wote kwa mzani, si kwa kuinua kwa mkono. Begi lako la mchana libaki kilo 5 au 6: maji lita 2, koti la mvua, sweta, chakula cha njiani, dawa.

Chakula, na kwa nini maharage yatakuaibisha

Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda, takribani nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Elena yanachemka karibu nyuzi 85. Maharage makavu hayataiva hapo hata ukimaliza gesi yote, na wali utabaki na kiini. Beba dengu zilizokobolewa, tambi nyembamba, viazi vilivyokaushwa, unga wa wimbi kwa uji. Vyakula vizito kama matoke, viazi na nyama mbichi viliwe Nyabitaba na John Matte, ili mzigo upungue mapema. Msingi wa mpango ni huu: gramu 750 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku, mara siku 9, yaani karibu kilo 7. Gramu 200 kati ya hizo ziwe za kutafuna ukitembea: karanga, sukari guru, tende, chapati za siku mbili za kwanza. Juu ya mita 4,000 hamu ya kula hupotea, na uji wenye sukari na siagi ya karanga hushuka wakati wali umegoma.

Mkijipikia, hesabuni gramu 100 za gesi kwa watu wawili kwa siku, na soma kopo. Butani tupu hugeuka mvuke kwa shida kwenye baridi kali, kwa hiyo jiko linaweza kudhoofika Elena alfajiri hata kopo likiwa limejaa. Tafuta mchanganyiko wenye propani, na kumbuka ndege haikubali gesi ya jiko ya aina yoyote. Maji ya kunywa yachemke dakika tatu.

Mwili

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi: huo ni mwanzo. Kaa pale pale, kunywa maji, usipande hadi vipite. Mtu anayehema akiwa amelala, anayekohoa povu, au anayeyumba kama mlevi akitembea kwenye mstari mnyoofu, anateremshwa saa hiyo hiyo, usiku au mvua. Asetazolamidi husaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru. Dawa za usingizi na pombe ziache mjini Kasese.

Kulipia na kuingia

Huruhusiwi kuzunguka bila kiongozi. Njia hii ya Nyakalengija na ile ya Kilembe zina waendeshaji tofauti na vibanda tofauti, kwa hiyo hakikisha unacholipia ni Mzunguko wa Kati. Ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni za kundi lake, chini ya za wageni wengine; beba kitambulisho au pasipoti halisi, usitegemee nakala ya kwenye simu. Watanzania waje na pasipoti. Cheti cha homa ya manjano huulizwa mpakani.

Kabla ya kutuma pesa, uliza kwa maandishi: bei ina ada ya hifadhi kwa siku ngapi? Chakula na mpishi vimo? Wapagazi wangapi kwa kila mtu, na chakula chao nani anatoa? Siku ya akiba inatozwaje kama haikutumika? Nani analipia kubebwa mgonjwa? Barafuni kiongozi mmoja anafunga kamba na watu wangapi? Wawili ni sawa, watatu ni mwisho. Na daraja, ngazi na vibanda vyote vinatumika mwezi huu? Jibu la "hakuna shida" halijajibu kitu.

Wapagazi na viongozi wengi ni Wakonzo, na lugha yao ni ndugu wa karibu sana wa Kinande cha upande wa pili wa mlima. Msomaji kutoka Beni au Butembo atajikuta nyumbani. Kiswahili kitakusaidia pia. Wale wa Kilimanjaro hujiita wagumu, na jina hilo lingewafaa hawa bila ubishi: wanapita Bigo na mzigo kichwani au kwa kamba ya kipajini, wakati wewe unahesabu mafungu ya nyasi. Kagua kama wana makoti ya mvua kabla ya kuondoka langoni. Bakshishi iandae kwa shilingi za Uganda, noti ndogo, bahasha kwa kila mtu. Noti kubwa moja mkononi mwa mmoja huleta ugomvi.

Mpaka wa Uganda na Congo unapita katika Mlima Stanley wenyewe, ule wenye kilele cha Margherita. Kibali chako ni cha upande mmoja, kwa hiyo unarudi ulikotokea.

Mwisho, usikate tiketi ya basi la usiku wa siku ya 8. Ukitoka Guy Yeoman saa moja asubuhi utafika langoni kati ya saa tisa na kumi na moja jioni, kisha kuna kurudisha vifaa vya kukodi, kuosha gambuti na kusubiri wapagazi wa nyuma. Lala Kasese. Kampala iko mbali, na asubuhi yake ngazi za basi zitakuwa na mwinuko wake.